Funga Mdomo, Pi Rokimi

Kiharusi kilimpata mzee mmoja, Pu Chhuanvawra, msimu wa mvua, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu aende kanisani. Mungu alimwachia ulimi, na kijiji kizima cha Lungvar kilijua kwamba ulimi ule ungetosha watu watatu. Alimwachia pia mguu wa kuburuza na mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulilala ubavuni, haukuamka tena. Na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejua kupiga piano ya kanisa, piano nayo ikanyamaza.

Vijana wa Lungvar walijua gitaa. Waliojua zaidi ya gitaa walikuwa mjini Aizawl, masomoni au kazini, na hawakupanda mlima ule ila kuja kula sikukuu. Basi piano ikabaki pembeni nyuma ya viti vya kwaya, imefunikwa kitambaa kilichofumwa na akina mama, na ndani yake balbu ndogo inawaka mchana kutwa kuikinga na unyevu. Ukungu wa kule ukishaingia kwenye mbao, vibao hushuka chini vikagoma kupanda.

Mvua zilipokatika, Upa Kapmawia, mkuu wa wazee wa kanisa, alisimama Jumapili moja baada ya kutaja majina ya wagonjwa. Alikuwa mtu mpole asiyependa kumuudhi mtu, na watu wa namna hiyo ndio hutumwa kusema maneno mazito.

"Ndugu zetu wa Saikhum, ng'ambo ya bonde," alisema, "wana wapigaji wawili na hawana piano. Sisi tuna piano na hatuna mpigaji. Wazee tumekaa, tumeomba, tumekata shauri. Asubuhi ya Krismasi, kama hatapatikana mtu anayekaa hapa wa kupiga wimbo wa ibada, wenzetu wataibeba waende nayo. Kitu cha Bwana hakikai bure kikaliwa na mchwa."

Hakuna aliyebisha. Ungebishaje? Lakini upande wa wanawake, mjane mmoja, Pi Rokimi, alihisi kama mtu kamnyang'anya mtoto mgongoni.

Alikuwa na sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Siku waliyomzika mumewe, kanisa lilijaa, watu wakaimba kama ilivyo desturi, na yeye aliyeimba sauti ya pili tangu akiwa msichana alifungua kinywa pasitoke kitu. Pu Chhuanvawra alimwona kutoka kule pembeni. Akaanza kuikandamiza sauti ya pili kwa vidole vyake ikasikika juu ya zote, ubeti baada ya ubeti, mpaka Pi Rokimi akaona kama ni yeye mwenyewe anayeimba. Piano ile ilimzikia mume. Leo iende Saikhum?

Akasimama. "Nitapiga mimi."

Pi Saithangi, jirani yake, akamvuta shali. "Kimi! Kaa chini, mwenzangu. Utapiga nini wewe, nguruwe wako?"

Viti vya nyuma vilicheka. Upa Kapmawia alitazama makaratasi yake, akasema kwamba Bwana humtumia amtakaye, kwa sauti ya mtu anayetumaini Bwana atamtumia mwingine.

Pi Rokimi alianza peke yake, kwa kuogopa ulimi wa Pu Chhuanvawra. Alijua solfa tangu shule ya Jumapili, kama watu wote wa milima ile: mpe kitabu chenye do, re, mi, naye atakuimbia wimbo ambao hajawahi kuusikia. Kilichobaki, alijiambia, ni kujua kila herufi inakaa kibao gani. Kila Jumamosi, akishalisha nguruwe, aliteremka ngazi za mawe hadi kanisani, akaketi asubuhi, akainuka jua linapoacha madirisha, mgongo unauma na vidole vimekakamaa. Alipiga na kuimba, aliimba na kupiga. Akikosea, alirudi mwanzo. Wapita njia walisema, "Msikilizeni Pi Rokimi, anakaza kweli."

Ilipofika katikati ya Novemba alijiona yuko tayari. Akaenda kumchukua Pu Chhuanvawra, wakashuka naye pole pole, Pi Rokimi amemshika upande wa kushoto, yeye ameshika fimbo kwa mkono wa kulia, akilalamika njia nzima kwamba ngazi zimeongezwa.

Aliketi kiti cha mbele, akafumba macho. "Haya, mama. Niue."

Pi Rokimi akapiga, akaimba. Wimbo ule wa asubuhi ya Krismasi una mistari minne kila ubeti, na yeye aliuimba wote kwa sauti safi iliyojaa kanisa tupu. Alipomaliza aligeuka, uso unang'aa.

"Umeimba vizuri sana," alisema Pu Chhuanvawra.

"Asante, Pu."

"Sasa nipigie."

"Si nimepiga!"

"Hujapiga. Umeimba, na chini ya wimbo kulikuwa na mtu anaangusha sufuria. Funga mdomo, Pi Rokimi. Piga tena."

Alifunga mdomo, akapiga. Mwenyezi Mungu. Mstari wa kwanza ulitoka mzuri, wa pili ukachechemea. Wa tatu vidole vya kushoto vilikuwa mahali pengine kabisa, na wa nne haukuwapo. Miezi yote ile sauti yake ilikuwa inapita juu ya mashimo kama mkeka uliotandikwa juu ya sakafu mbovu, naye akadhani sakafu ni nzima. Alisimamisha mikono, akaona haya mpaka masikioni.

"Mstari wa kwanza," alisema mzee, "umeupiga kama malaika. Wa nne umeupiga kama mbuzi anayeteremka ngazi. Unajua kwa nini? Kila ukijikwaa unarudi mwanzoni. Mwanzo umekula ukashiba, mwisho umekufa njaa."

"Basi nimeshindwa, Pu. Niambie tu."

"Nani kasema umeshindwa? Nimesema umeimba. Watu wa hapa wote wana ugonjwa huo, hata mimi mwalimu wangu alinichapa kwa ajili yake. Leo hutapiga wimbo. Utapiga mwisho wake. Mstari wa nne, mkono wa kushoto peke yake, tena nusu yake. Taratibu, hadi kosa lenyewe likose pa kuingilia."

Alipiga nusu ile, noti chache tu za sauti ya nne, lakini katikati mdomo ukamponyoka ukaanza kuimba. Akafunga, akaanza upya. Ukamponyoka tena.

"Ah!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Kuna maji pale kwenye jagi la mhubiri. Jaza kinywa, usimeze."

Basi Pi Rokimi, mama mzima, mwanachama wa umoja wa akina mama, akakaa mbele ya piano mashavu yamefura maji, akapiga. Na kwa mara ya kwanza akasikia vidole vyake. Vilikuwa vibaya, lakini alivisikia. Kosa likawa na mahali pake: hapa, kidole hiki, kibao kile. Akalirekebisha. Likarudi, akalirekebisha tena.

Ndipo Pi Saithangi akachungulia dirishani na kapu la mboga mgongoni. "Kimi! Mbona kimya leo? Umemeza nini, chura?"

Pi Rokimi alijizuia kucheka kwa nguvu zake zote, lakini uso wa Pi Saithangi pale dirishani haukumsaidia.

"Si kwenye piano!" alipiga kelele Pu Chhuanvawra. "Geuka! Tema huku! Nitemee mimi!"

Alitema, na kweli alimtemea yeye. Yule mzee alijifuta uso kwa mkono wake mzima, akacheka kicheko ambacho Lungvar haikukisikia tangu alipougua. Pi Saithangi naye alicheka hadi mboga zikamwagika, halafu akakaza sauti: "Utaona, Kimi. Krismasi wenzako wataimba, wewe utakuwa umefura kama boga." Akaokota mboga zake akaenda kueneza habari.

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata kazi yote ilikuwa imeyeyuka. Nusu ya mstari aliyoiacha imenyooka aliikuta imepinda. Alirudi nyumbani jioni moyo mzito, akawasha moto, akapima mchele wa usiku. Kama afanyavyo siku zote kabla ya kuosha mchele, alichota konzi moja akaitia kwenye chombo cha Bwana kilichokaa karibu na jiko. Kila mwanamke wa kanisa lake anacho chombo hicho. Kila akipika hutoa konzi, na mchele huo hukusanywa, huuzwa, hulisha wahubiri mpaka nchi za mbali. Kilikuwa kimekaribia kujaa. Hakukumbuka kukijaza.

Akasimama pale mkono ungali ndani ya mchele.

Hakuna mwanamke anayesubiri mwisho wa mwezi ampe Bwana gunia. Akisubiri, gunia halitakuwapo, litakuwa limeliwa. Hutoa konzi, anasahau, kesho anatoa konzi. Na yeye alikuwa anampelekea Bwana piano kwa gunia, Jumamosi hadi Jumamosi, na katikati panya wanakula.

Aliteleka sufuria, akafunika, akachukua shali. "Chemka," aliuambia wali, "nakuja." Akateremka ngazi mbio, akapiga nusu ya mstari wa nne, kushoto peke yake, kinywa kimejaa maji, hadi ikatoka safi mara kadhaa bila kusita. Hakuongeza hata noti moja. Akafunika piano, akapanda. Wali ulikuwa umeshika kidogo chini, akaula hivyo hivyo.

Asubuhi, kabla ya kupika, akateremka tena. Alidhani atakuta imepinda. Ilikuwa imepinda kidogo tu. Jioni haikupinda.

Tangu hapo hakuna aliyemwona akikaa kanisani kutwa, na watu wakasema amekata tamaa. Pi Saithangi alisikia kidogo asubuhi, kidogo jioni, kila mara kipande kile kile, tena cha mwisho wa wimbo, akamwambia kisimani: "Mwenzangu, huo wimbo wako hauna kichwa?"

"Kichwa kinajua njia," alijibu Pi Rokimi. "Nalisha mkia."

Mstari wa nne ulipokaa, akashika wa tatu ukimwagikia kwenye wa nne. Kisha wa pili. Mkono wa kushoto peke yake, wa kulia peke yake, ndipo yote miwili, pole pole kama mtu anayevuka daraja la mianzi. Wa tatu ulimtesa kuliko yote: palikuwa na mahali kidole cha pete kinapaswa kuvuka kwenda kibao cheusi, na kidole hicho kilikuwa na kichwa kigumu. Pu Chhuanvawra alimfundisha namna nyingine. "Hebu anza hapo hapo. Usianzie nyuma. Shuka katikati ya mstari kama mtu anayerukia lori linalotembea." Alimtajia neno lolote la wimbo ghafla, naye ilimbidi aanzie pale, mikono yote miwili. Mwanzoni hakuweza. Wali uliungua mara nyingi majuma yale, na nguruwe walinenepa kwa ukoko.

Siku chache kabla ya Krismasi alipiga wimbo wote kinywa kikiwa kikavu, hana maji wala sauti. Pu Chhuanvawra alisimama. Akaenda kutazama balbu ndani ya piano kama inawaka. Ilikuwa inawaka. Akaendelea kuitazama.

Asubuhi ya Krismasi kulikuwa na baridi ya kukata midomo. Nyuma ya kanisa moshi ulipanda kutoka kwenye masufuria makubwa, ambamo mchele na nyama ya kuku vilikuwa vinapikwa pamoja kwa ajili ya karamu. Wanaume wa Saikhum walikuwa wameshafika. Walisalimu watu kwa adabu, wakaegemeza mianzi na kamba zao ukutani, nje, mahali ambapo hazingemkera mtu, lakini kila aliyeingia aliziona.

"Wamekuja na mianzi mizuri," alinong'ona Pi Saithangi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kumtania, akamshika mkono. "Kimi, ukikosea, nitaimba kwa nguvu."

"Usiimbe kwa nguvu. Imba vizuri."

Upa Kapmawia akatangaza wimbo. Alimtazama Pi Rokimi kama mtu anayemtazama mtoto kwenye ukingo wa gema. Mpiga ngoma, aliyeketi karibu na mimbari na ngoma yake mapajani, aligonga mara mbili. Pi Rokimi aliweka mikono kwenye vibao. Vilikuwa baridi. Bwana, alisema moyoni, konzi ni zangu, gunia ni lako. Akapiga.

Kanisa likasimama likaimba. Na hapo akaona jambo ambalo katika maisha yake yote ya kuimba hakuwahi kuliona. Yeye alikuwa mtu wa sauti ya pili. Tangu utoto, kila alipofungua kinywa, alisikia sauti ya pili na majirani zake wawili. Leo amefunga mdomo, akasikia kanisa zima. Alisikia besi za wazee zikitembea chini kama mto chini ya daraja, wasichana juu, watoto wanaochelewa, Upa Kapmawia anayeingia kabla ya wakati. Alisikia Pi Saithangi akiimba vizuri. Ilimjia kwamba Pu Chhuanvawra alikuwa amekaa ndani ya sauti hii miaka yote, ndiyo sababu siku ile ya msiba aliweza kumsikia mtu mmoja aliyenyamaza.

Wazo hilo lilikuwa zuri, na wazo zuri si la kuwaziwa mstari wa tatu. Ubeti wa pili, kidole cha pete kilikosa kibao cheusi kikaangukia kati ya viwili. Sauti mbaya ilitoka, kubwa. Mkono wa kushoto ukashtuka ukasimama. Watu wa Saikhum waliinua vichwa. Kule mbele fimbo ya Pu Chhuanvawra iliinuka kidogo kutoka sakafuni, ikabaki hewani.

Zamani angerudi mwanzo. Mwanzo ulikuwa pale unamwita, mwanzo wake aliouzoea, mzuri kama malaika, na kanisa zima lingejikwaa likaanguka juu yake. Hakurudi. Alilisikiliza lori likipita, neno, neno jingine, akarukia: mstari wa nne, mikono yote miwili, sauti zote nne, besi imejaa. Ulikuwa ndio mstari aliouanza kwanza, uliokula konzi nyingi kuliko yote, na ulitoka kwa nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia. Ngoma ilimfuata, na kanisa likainuka naye kana kwamba palikuwa pamepangwa hivyo tangu zamani. Ubeti wa tatu kidole cha pete kilivuka. Ubeti wa nne kilivuka tena, na wakati huo hakukitazama.

Walipofika mwisho, hawakufika. Watu wa milima ile wimbo ukiwapendeza hawauachi. Wazee wakarudia kiitikio, naye akarudia nao. Wakarudia tena. Mama mmoja akatoka kitini, akaanza kucheza mbele ya mimbari, mikono wazi, machozi yanamtiririka, wa pili akamfuata, halafu duara zima. Besi ilikuwa imekuwa nzito mno, nzito kuliko wanaume waliokuwamo Lungvar, na Pi Rokimi alipotupa jicho aliona ni watu wa Saikhum, wameacha viti vyao, wanaimba kwa vifua vilivyotanuka kama waliosahau walichokuja kukifuata.

Kanisa lilipotulia, Upa Kapmawia alisimama kwenye mimbari, akafungua makaratasi yake, akayafunga. Alitaka kusema neno la hekima, likamshinda. Akasema, "Kumbe."

Kanisa lilicheka, wengine wangali wanalia.

Pu Chhuanvawra akageuza kiti chake kwa shida, akamtazama mwanafunzi wake. "Mstari wa tatu umeuua," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nimeuua, Pu."

"Ukaruka maiti yake."

"Nikaruka."

"Mimi mwaka wangu wa kwanza nilirudi mwanzo," alisema yule mzee. "Mbele ya watu. Mara mbili." Na neno hilo kutoka kwake, kila mtu alijua, lilikuwa ni kuvikwa taji.

Mkubwa wa wale wa Saikhum, mtu mpana aliyevaa koti la Jumapili, alisimama akaomba ruhusa ya kusema. "Sisi tumekuja na mianzi," alisema. "Tumetoka kabla jua halijachomoza. Sasa tukirudi mikono mitupu wake zetu watasema tulikuja kula tu."

"Mmekuja kula!" alipaza sauti Pi Saithangi kutoka upande wa wanawake. "Kuleni! Lakini piano muiache!"

Kanisa likaangua kicheko, naye yule bwana akacheka pamoja nao. "Sawa, mama. Ila naona mmeificha kule pembeni, nyuma ya kwaya, kama mtu mwenye aibu. Hapo sisi wa nyuma tulisikia mpigaji, hatukumwona. Tupeni basi kazi moja ya mabega."

Upa Kapmawia alitazama wazee wenzake. Wazee walimtazama Pi Rokimi. Hakukuwa na mkutano wala kura.

"Mbele," alisema Pi Rokimi. "Karibu na mimbari. Mkono wa kushoto, dirisha lisinipige usoni."

Basi mianzi ikaingia kanisani. Wanaume wa Saikhum na wa Lungvar wakachomoa waya wa balbu, wakafunga kamba, wakainama, wakahesabu, wakainua, na piano ikapita katikati ya watu juu ya mabega kama bibi harusi, watoto wakiifuata, mpiga ngoma akiitangulia. Nyuma yao alikuja Pi Rokimi amebeba kigoda chake mwenyewe, shali limemwanguka begani, anaamrisha mbele ya wazee wote wa kanisa bila kuogopa mtu:

"Taratibu! Inueni upande huo! Nyie, hilo si gunia la viazi!"